Kuta za Mawe na Ruta ya Antena Nane

Nyumba yetu ya Goma imejengwa kwa mawe ya volkano, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu akiegemea dirisha, mkono wake wote unalala ndani ya ukuta bila ncha ya kidole kutoka nje. Aliyeijenga ni baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kuogopa tetemeko, upepo na wezi, kwa hiyo alijenga nyumba ambayo vyote vitatu vikija vitapiga hodi kwanza. Jambo ambalo hakulifikiria, na sisi hatuwezi kumlaumu, ni kwamba siku moja wajukuu wake wangetaka kitu kipite katika kuta hizo bila kutumia mlango.

Kitu chenyewe ni mtandao.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna ua mdogo, na ng'ambo ya ua kuna kijumba cha mbao tunachokiita anekse. Humo analala binti yetu, na tangu mama mkwe ahamie kwetu kutoka Bukavu, wanalala wote wawili, kila mmoja na kitanda chake na sheria zake. Mume wangu na mimi tunakaa katika ile ngome ya mawe. Yeye ni deklara: anawajazia wafanyabiashara makaratasi ya forodha. Zamani alikuwa akishinda mpakani Bunagana juma zima akingoja malori. Siku hizi kazi nyingi anaifanyia nyumbani, akiwa na shati la kazini na suruali ya kulalia. Kwa kuwa amepitisha katoni za kila namna, anaamini kuwa anazijua bidhaa zote zilizomo duniani. Mwonyeshe redio, atakuambia ilipita mpaka gani na kama ilidanganya uzito.

Mimi kazi yangu ni montaji ya filamu za arusi. Mpiga picha ananitumia mafaili kutoka aliko, mimi ninayakata, ninayaunga, ninaweka muziki, ninaondoa wajomba waliosimama mbele ya keki, halafu ninaituma filamu kwa ndugu walio mbali. Mafaili hayo ni mazito kama magunia ya makaa. Kuyapokea kunakula siku, na kuyatuma kunakula siku nyingine.

Siku ambayo kila kitu kilikatika ilikuwa Jumapili, mchana. Huko Bukavu, katika parokia ya zamani ya mama mkwe, askofu alikuwa akitoa kipaimara na kwaya yake ndiyo iliyokuwa inaimba, kwa hiyo mama mkwe alikuwa anekse, kitenge kipya kiunoni, tablet imeegemezwa kwenye rozari na kikopo cha Bluu Bendi. Binti alikuwa kitandani kwake, ana simu mikononi, anacheza ule mpira wa kwenye simu dhidi ya binamu yake wa Kampala. Mume wangu alikuwa saloni, ile sebule yetu, anatazama mpira wa watu wenye miguu. Na mimi nilikuwa chumbani natuma arusi moja ya Kalengera kwa mjomba wa bibi arusi, mtu wa Ulaya, ambaye alikuwa ameshanipigia simu mara nyingi kwa sauti inayozidi kuwa ya adabu kila mara, na ninyi mnajua adabu ya namna hiyo inaficha nini.

Kistari cha bluu kwenye kompyuta yangu kilikuwa kimebakiza unene wa ukucha kufika mwisho. Mara kikasimama. Kisha, mbele ya macho yangu, kikarudi mwanzo.

Nilipiga kelele. Kutoka saloni mume wangu alipiga kelele. Kutoka anekse binti alipiga kelele ndefu kuliko zetu, maana wakati simu yake ilipoganda mchezaji wake alikuwa peke yake na golikipa, na ilipoamka goli lilikuwa limeshaingia, ila upande wake. Aliyenyamaza ni mama mkwe peke yake. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya tablet. Askofu alikuwa ameganda na mkono juu, mdomo wazi, amefika kwa "na wa Mwana".

"Mama, simama," nilimwambia. "Mtandao umekwenda."

"Nasimama namna gani na baraka haijaisha?" alijibu bila kugeuka.

Alikaa hivyo mpaka magoti yakamshinda. Juma lililofuata alimuuliza padri wetu wa Goma, kwa uzito wote, kama baraka iliyokatika katikati inahesabika. Padri alifikiri, akasema: "Mama, yako ilifika. Ni picha tu njo ilibakia njiani." Alirudi nyumbani ametulia, lakini akasema hataki kumsumbua padri na swali hilo kila Jumapili.

Jioni ya siku ile ile ya kugandiwa, mume wangu aliita kikao saloni. Tulikaa tukizunguka sahani ya sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwa letu, na katikati ya meza, kama mshtakiwa, aliweka kile kisanduku cheusi tulichopewa siku tulipounganishiwa mtandao.

"Koneksio iko," alianza, kwa sauti anayoitumia na wateja. "Inaingia hapa muzuri. Shida ni hii kisanduku. Imezeeka. Tunaenda kununua ruta ya kweli. Kila mutu aseme anataka nini."

"Papa, miye sitaki nguvu mingi," binti alisema. "Miye nataka ping ikuwe chini."

"Ping njo nini?" mama mkwe aliuliza.

Binti alilamba vidole, akafikiri. "Koko," alisema, maana ndivyo watoto wa upande wa Bukavu wanavyomwita bibi, "ni kama kutuma mutu sokoni. Mama anataka mutu mwenye kitunga kikubwa, ju arusi zake ziko nzito. Miye niko natuma mutu alete njugu moja tu. Kitunga haina maana. Nataka akimbie aende, akimbie arudi."

"Na papa je?" mama mkwe aliuliza.

"Papa anataka mutu mwenye hasimame njiani," mume wangu alidakia. "Mpira ukisimama, hata ukirudi, damu imeshapanda."

"Na miye," mama mkwe alisema, akichukua sambaza ya mwisho, "nataka askofu amalize."

Kwa kweli kikao hicho kilikuwa kizuri. Kama tungeandamana sote kwenda dukani na maneno yale yale, hadithi ingeishia hapo. Lakini mume wangu alisimama, akajipangusa mikono na kusema, "Muniachie. Bintu vya elektroniki miye navijua." Na sisi, kwa kuwa tulikuwa tumeshiba, tukamwachia.

Alirudi kesho yake juu ya pikipiki, katoni mapajani, ameikumbatia kama mtu anayesindikiza keki ya arusi. Kwenye katoni kulikuwa na picha ya joka lenye macho mekundu. Ndani yake ilitoka ruta nyeusi, pana, yenye antena nane zilizosimama kila upande.

"Ni buibui?" mama mkwe aliuliza.

"Ni ya gaming, mama."

"Nauliza ju imekufa chali."

Aliiweka juu ya kabati la saloni, baina ya Bikira Maria na picha yetu ya arusi, akaichomeka. Taa za bluu zikaanza kuizunguka. Na niseme haki: pale saloni ilikuwa moto wa kuotea mbali. Nilileta kompyuta yangu, mafaili ya mpiga picha yakashuka kabla chai haijachemka. Televisheni ilitoa picha safi mpaka tukaona chunusi za mwamuzi. Mume wangu alitembea saloni huku mikono ameifunga mgongoni, kama mtu anayekagua shamba lake baada ya mvua nzuri.

Kisha tukasikia sauti ya binti kutoka ng'ambo ya ua.

"Papa! Huku hakuna kitu!"

"Haiwezekane! Iko na antena nane!"

"Basi hata moja haijue njia ya kuja huku!"

Siku zilizofuata tulizipitisha tukigeuza antena. Tulizisimamisha, tukazilaza, tukazitanua. Mume wangu alizielekeza zote nane upande wa anekse, kama umati unaomwonyesha mwizi. Haikusaidia. Mtandao ulifika hadi ukuta wa baba mkwe ukarudi. Binti alianza kuchezea mpira wake saloni, mbele ya mpira wa baba yake, kila mmoja akimwambia mwenzake apunguze sauti. Mama mkwe naye alihamishia misa saloni, na hapo mambo yakawa magumu zaidi, maana huwezi kushangilia goli wakati wa mageuzo ya mkate na divai.

Halafu kuna umeme. Umeme wetu unaondoka na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Kila ulipoondoka, ruta ilizimika; ulipopatikana tena, ruta iliamka polepole kama mheshimiwa: taa nyekundu, taa ya machungwa, inafikiri, inafikiri tena, ndipo bluu. Mara nyingi ilipofika bluu umeme ulikuwa unaondoka tena.

Kilichoharibu sifa yake kabisa ni kitambaa changu cha vumbi. Nilikuwa napangusa kabati, nikaigusa antena moja ya pembeni, ikabaki mkononi mwangu. Niliogopa, nikadhani nimeua kitu. Nikachungulia ndani. Hakukuwa na waya, hakukuwa na chuma, hakukuwa na chochote. Ilikuwa bomba la plastiki, ndani hewa tupu. Na ruta iliendelea kuzungusha taa zake bila hata kugeuka kuangalia amempoteza nani.

Wakati wa chakula nililiweka lile bomba kando ya sahani ya mume wangu. Alilitazama. Alilinyanyua, akalipuliza, likatoa mluzi.

"Hii," alisema hatimaye, "ni ya reserve."

Binti alitoka nje kwenda kuchekea uani.

Mume wangu alikataa kuirudisha. Pale dukani, kumbe, alikuwa amewapa watu waliokuwapo somo zima juu ya namna ya kuchagua ruta, na mtu hawezi kurudi mahali alipofundisha akiwa na bomba mkononi. Basi tulikwenda sisi, mimi na mama mkwe. Yeye alibeba antena katika mkoba wake wa misa.

Mwenye duka alikuwa mama wa rika langu, mzaliwa wa Rutshuru, mwenye kusema haraka huku mikono ikifungua na kufunga katoni bila yeye kuiangalia. Tulimweleza. Alimkumbuka mume wangu mara moja, na kwa kutuheshimu alijaribu kutocheka.

"Mama, papa aliingia hapa akauliza kitu moja tu: ya nguvu kupita zote ni ipi? Nikamuonyesha. Hakuniambia muko na kuta za mawe. Hakuniambia muko na anekse. Aliniambia tu historia ya forodha."

Mama mkwe alifungua mkoba, akaiweka antena juu ya kaunta taratibu kama mtu anayetoa sadaka. "Na hii, mama? Ilikuwa inafanyaka kazi gani?"

Mwenye duka aliichukua, akaigongagonga kwenye kiganja, akachungulia ndani. Nilimwona uso ukibadilika. Hakuwa amejua. Alishusha ruta nyingine ya joka kutoka rafuni, akaanza kuzungusha antena zake moja moja, mama mkwe akamsaidia upande wa pili, na kwa muda pale dukani ilionekana kama wanamnyonyoa kuku manyoya. Mbili zilitoka tupu.

"Hizi zilikuwa zinapendezesha," mwenye duka alisema, akaketi. Kisha sote watatu tukacheka, na baada ya kicheko hicho ikawa rahisi kusikilizana.

Alianza kutuuliza, na maswali yake hayakuwa ya nguvu. Waya wa mtandao unaingia nyumbani kupitia wapi? Kuta ni za nini? Mnatumia watu wangapi kwa mara moja, na wapi? Umeme ukienda mnakaa bila umeme muda gani? Nilipomwambia saloni ni ya mawe, korido ni ya mawe, vyumba ni vya mawe, alishika kichwa.

"Ruta moja, hata ikuwe na antena kama nungunungu, haitoboe hiyo nyumba," alisema. Akatueleza kwamba ruta ya siku hizi ina njia mbili. Moja inafika mbali lakini inakwenda mwendo wa mzee; hiyo ndiyo iliyokuwa ikijikokota kutoka kisanduku chetu cha zamani mpaka anekse. Nyingine ina mbio, ndiyo ya yule buibui, na mchezo na filamu zinaipenda, lakini inaogopa ukuta kama paka anavyoogopa maji. Kwa hiyo dawa yetu ilikuwa ruta mbili ndogo zinazozungumza: ya kwanza inapokea mtandao saloni, ya pili inakaa katikati ya njia, inaudaka na kuutupa mbele. Alitutolea. Zilikuwa nyeupe, za mviringo, kama bakuli mbili za supu zilizofunikwa. Hazikuwa na antena ya kuonekana. Hazikuwa na joka. Pamoja nazo akaweka betri mbili ndogo, za kuzishikilia wakati umeme umeondoka.

Mama mkwe aliitazama ile bakuli kwa mashaka. "Hii ya pili inakaa wapi?"

"Itategemea nyumba."

"Basi tuende uone nyumba. Hata kiatu, mutu anakivaa kwanza."

"Mama, miye niko na duka."

"Jumamosi unafungaka saa ngapi? Nitapika maharagi."

Nilitaka kujificha chini ya kaunta. Lakini yule mama alimtazama mama mkwe, akatazama rafu zake zenye majoka, akasema atakuja.

Alikuja kweli, Jumamosi mchana, bakuli zake katika mfuko. Mume wangu alimpokea mlangoni kwa heshima kubwa.

"Karibu, mama. Miye nilisema toka mwanzo hizi kuta ziko nene mno."

"Njo ulisema, papa," alijibu yule mama, na hakuongeza neno, jambo lililonifanya nimpende.

Bakuli ya kwanza iliwekwa saloni, mahali pa yule buibui. Ya pili ilianza safari. Binti alikaa anekse na simu yake akipima, na kazi yake ilikuwa kutupigia kelele matokeo kupitia ua. Mwenye duka alikuwa na hakika na korido. Akaiweka korido, juu ya stuli.

"Hapana!" ilisikika kutoka anekse.

Akaipeleka chumbani kwetu, juu ya kitanda.

"Hapana!"

Juu ya kabati la nguo.

"Iko inakuja... inakuja... Hapana!"

Mume wangu alipendekeza juu ya paa. Mwenye duka alipendekeza kutoboa ukuta tupitishe waya, na mume wangu alishika kifua kana kwamba wanataka kumtoboa baba yake mwenyewe. Wakaanza kubishana, kwa adabu, juu ya kutoboa na kutotoboa. Ili mikono yake ipate nafasi ya kubishana vizuri, mwenye duka alimkabidhi mama mkwe ile bakuli ya pili pamoja na betri yake. "Mama, unishikilie kidogo. Usisogee."

Mama mkwe alisimama pale kwenye mlango wa saloni, bakuli kifuani. Alisimama kidogo. Kisha pua yake ikainuka, maana maharagi yalikuwa yameanza kushika chini ya sufuria. Katika nyumba yetu hakuna neno la fundi wala la askofu linaloweza kumzuia mama mkwe akisikia harufu ya maharagi yanayoungua. Aliondoka.

Mara kutoka anekse ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto wangu, hata siku ya matokeo ya mtihani.

"Musisogee! Bote! Musiguse kitu! Iko muzuri! Iko muzuri kupita!"

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Mwenye duka akaangalia mikono yake, haina kitu. "Mama iko wapi?"

Tulimkimbilia jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, bakuli imebanwa kwapani, kijiko cha mti mkononi, anakoroga maharagi kwa hasira. Dirisha lilikuwa wazi ili moshi utoke. Ng'ambo yake, uani, kulikuwa na dirisha la anekse, nalo liko wazi, na ndani yake uso wa binti yetu uking'aa.

Ndipo tukaona jambo ambalo lilikuwa mbele yetu miaka yote. Baina ya saloni na jikoni baba mkwe hakuweka mlango, aliacha uwazi mpana, kwa kuwa alipenda kusikia chakula kinavyoendelea. Na baina ya jikoni na anekse hakuna ukuta wowote, kuna madirisha mawili yanayotazamana. Tulikuwa tumeshindana na mawe wakati njia ilikuwa wazi. Mtandao ulitoka saloni, ukapita jikoni, ukaruka dirishani kwenda anekse, njia ile ile inayopitiwa na harufu ya maharagi kila siku.

"Sasa nikae hapa mpaka lini?" mama mkwe aliuliza.

Mwenye duka alicheka hadi akaegemea sufuria za ukutani. Mume wangu yeye hakucheka. Alikwenda stoo, akarudi na ubao, misumari na nyundo, akapiga rafu pembeni ya dirisha la jikoni, juu, mahali mvuke haufiki. Ni rafu nzuri, imenyooka, aliipiga msasa mpaka ikawa laini kuliko meza yetu. Kila mtu ana namna yake ya kusema kwamba antena zilikuwa za hewa.

Mwenye duka alikula bukari, ule ugali wetu, na maharagi pamoja nasi, sehemu ambazo hazikuungua, na yeye na mama mkwe walizungumza mpaka jua likaelekea ziwani: kuhusu barabara, kuhusu watoto walio mbali, kuhusu namna ya kupika sombe ya majani ya muhogo bila mafuta mengi. Alipoondoka alimchukua yule buibui, ili akaungane na lile bomba dukani. Siku hizi, nikipita dukani kwake, ninamkuta akiwauliza wateja kuhusu kuta kabla hawajafungua mdomo. Majoka yamehamia rafu ya chini.

Zile bakuli zina jambo moja zuri ambalo lilituletea ugomvi mpya. Unaweza kuziambia nani apewe njia kwanza wakati nyumba nzima inatumia. Tulipatana kwa haki: wakati wa misa, koko kwanza; siku ninayotuma filamu, mimi; mpira mkubwa, papa; saa nyingine, mchezo. Aliyepanga ni binti, maana ndiye anayejua kuingia humo. Kwa muda fulani mume wangu alikuwa akilalamika kwamba mpira wake unasitasita kidogo. Mwishowe alikaa na simu yake, akaingia mwenyewe kwenye mipangilio, akasoma polepole kama anavyosoma tangazo la mzigo. Tukamsikia akiita kwa sauti ya forodha.

"Wewe! Kuja hapa. Hapa kumeandikwa 'Misa ya Koko', iko ya kwanza kila saa, usiku na mchana. Fungua katoni. Ndani mwake muko nini?"

Ndani mwake mlikuwa na simu ya binti. Alikuwa ameipa jina la misa.

Mama mkwe alipaswa kukasirika, lakini alisema tu kwamba angalau jina alichagua zuri.

Mashindano ya ule mpira wa kwenye simu, baina ya binti na mabinamu zake wa kila mji, yalimalizika Jumapili moja baada ya hapo. Binti yetu alifika fainali, na aliyefika naye ni binamu yake wa Bukavu, mtoto wa shemeji yangu, mjukuu mwingine wa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa taabani. Alikaa anekse ubavuni mwa binti, na kwenye tablet alikuwa amewapigia wa Bukavu, ambao nao walikuwa wamemzunguka kijana wao. Kila mtu alimwona kila mtu. Mama mkwe alimpiga huyu busu la baraka kichwani, akampungia yule baraka kwenye kioo, akatangaza kuwa anaombea sare.

"Koko, fainali haina sare. Inaenda penalti."

"Basi ninaombea penalti zisiishe."

Sare ilikuja. Penalti zikaanza. Na hapo, kama tulivyozoea, umeme ukaondoka. Kutoka saloni nilisikia televisheni ikikata, na mume wangu akitaja watakatifu kadhaa kwa sauti kubwa. Lakini kwenye dirisha la jikoni taa ndogo ya bakuli ilibaki inawaka. Simu ya binti haikutikisika. Kwenye tablet, Bukavu nzima ilikuwa bado iko pale, mtu mmoja akitafuna hindi la kuchoma.

Mume wangu alivuka ua. "Yangu imezima," alisema, akaketi kitandani nyuma ya binti yake. Tulibanana wanne juu ya kitanda kimoja, tunatazama kioo kidogo kuliko kiganja. Binti akafunga, Bukavu ikafunga. Binti akafunga, Bukavu ikafunga. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, na kwa kila goli alikuwa anauliza tu, "Ni la nani? Pole. Hongera."

Ya mwisho binti aliipiga juu ya mwamba.

Tablet ililipuka. Kule Bukavu walirukaruka mpaka tukaona dari yao. Mama mkwe alipiga vigelegele kwa kijana wake huku mkono mwingine ukimfuta machozi msichana wake. Niliona kinywa cha binti kinafunguka, na nilijua neno linalotaka kutoka ni "mtandao", kwa sababu ndilo tulilokuwa tukilitumia sote kwa miaka. Akaangalia dirisha la jikoni. Akaangalia simu. Akakifunga kinywa.

"Nilipiga vibaya," alisema.

"Ulipiga vibaya," baba yake alikubali, akamkumbatia. "Leta hiyo simu. Nimuonyeshe huyu mutoto wa Bukavu mpira ni nini."

Alifungwa goli saba. La kwanza alisema alikuwa bado anatafuta kitufe. Kufikia la nne alikuwa amevua saa mkononi, ati inamsumbua. Lilipoingia la saba alimrudishia binti simu na kusema, akijipangusa jasho, kwamba ping ilikuwa juu.

Binti alimgeuzia kioo aone. Ping ilikuwa chini kabisa, namba ya kijani.

"Basi kitanda kilikuwa kinatikisika," mume wangu alisema. Akamwambia mama yake asogee, akaomba mchezo mwingine.